Boti tunapewa, umeme wake hatuulizi

Kila boti mpya inapokabidhiwa wavuvi wetu, iwe Vanga, Ngomeni, Kipini au Faza, hotuba huwa ni ile ile. Mgeni wa heshima hutaja urefu wa boti, akataja nguvu za mashine, farasi 40 au farasi 75, akainua ufunguo juu na picha zikapigwa. Sijasikia hata siku moja mtu akisimama kuuliza: na umeme wa boti hii utatoka wapi? Taa itawashwa na nini? Redio itachajiwa vipi?

Swali hili si dogo. Tangu 2020 mradi wa KEMFSED, kwa fedha za Benki ya Dunia, umekuwa ukiendeshwa katika kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu, na serikali za kaunti nazo zina bajeti zao za boti. Lamu, tangu Mahakama Kuu iamue mwaka 2018 kwamba wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari, mazungumzo ya boti za kisasa hayajakatika. Ujumbe wa wakubwa ni mmoja: acheni kung'ang'ania ndani ya miamba, tokeni nje kwenye kina kirefu. Sawa. Lakini nje ni mbali, mara nyingi ni usiku, na simu haishiki. Huko umeme haujawa anasa tena.

Kwa kuwa hakuna aliyeuliza, kila mwenye boti amejijibu mwenyewe. Wengine wanafunga tochi ya kichwani kwenye mlingoti na kumwachia Mungu. Wengine wanaunga waya kutoka kwenye mashine. Na wenye uwezo kidogo wananunua jenereta ndogo ya petroli, wanaiweka tezi, wanaiacha ingurume mpaka alfajiri. Hii ya tatu ndiyo inayoonekana kuwa maendeleo. Mimi naiona kuwa ndiyo mbaya zaidi ya zote tatu kwa boti ndogo, na nitaeleza kwa nini. Ila ushahidi wangu wa kwanza hautoki baharini, unatoka Meru na Embu.

Najua hapa Pwani Embu ikitajwa kinachokuja kichwani ni muguka, na Meru ni miraa. Vumbi la Mei 2024, pale Mombasa ilipopiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata na viongozi wa Embu wakaja juu, bado halijatulia kwenye baraza zetu. Tuliweke kando leo. Milima ile ina habari nyingine inayotuhusu, nayo ni ya umeme.

Tuanze na Embu. Mto Tana unaomwaga maji yake baharini karibu na Kipini umezibwa mara tano huko juu, kwenye ukanda wa chini wa Embu unaopakana na Machakos na Kitui. Kindaruma lilianza kazi 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kwa pamoja mitambo ya mabwawa haya, maarufu kama Seven Forks, ina uwezo wa takriban megawati 600. Gitaru peke yake ni megawati 225. Kwa miaka mingi taa za Mombasa ziliwaka kwa maji hayo, na mpaka leo mvua ikikosa kule juu tunaisikia huku chini.

Sasa mtazame mvuvi wa Masinga au Kiambere. Anatega ngege na kambare juu ya maji yenyewe yanayozungusha mitambo. Nyaya za umeme mkubwa zinapita juu ya kichwa chake. Akitoka jioni kwa mtumbwi au boti ya mashine ndogo, umeme alionao ni ule wa tochi mfukoni, na ziwani humo mna mamba na kiboko. Kijiji chake ufuoni, kama vijiji vingi vya Mbeere, kilikaa miaka mingi kikitazama nguzo zikipita bila kusimama. Viongozi wa kaunti zile wanadai mgao wa mapato ya mabwawa, na sisi wa mwisho wa mto tuna madai yetu. Jambo ninalotaka tulione ni jepesi kuliko siasa hiyo: uwe juu ya megawati 600 au uwe maili 20 nje ya Kiwayu, ukishakuwa majini hakuna waya wa Kenya Power unaokufikia. Ama utengeneze umeme ndani ya chombo, ama uubebe kutoka nchi kavu. Hakuna njia ya tatu.

Meru nao walikutana na swali hili hili, japokuwa hawakuwa na boti. Katikati ya miaka ya 1980 Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, katika wilaya ya Meru ya wakati ule, ilitaka mwanga wa wanafunzi kusomea usiku. Gridi haikuwapo. Shule ilikuwa inaelekea kununua jenereta, kama ilivyokuwa desturi. Mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, alimfahamu mhandisi wa huko kwao, Harold Burris, aliyekuwa akifunga vifaa vya sola katika maeneo ya kahawa kando ya Mlima Kenya. Shule ikashawishika kupiga hesabu upya. Bei ya jenereta dukani ilikuwa upande mmoja, lakini upande wa pili kulikuwa na mafuta ya kila wiki, safari ya kuyafuata, vipuri na fundi. Hesabu ilipokamilika wakafunga sola. Baada ya hapo shule nyingine zikafuata, vijana wa pale pale wakafunzwa kuunga waya na kutunza betri, na kutoka kwenye vilima vile biashara ya sola za nyumbani ikaenea Kenya nzima. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa wakulima wa kahawa na chai, walimu na wenye maduka, watu waliolipa kwa fedha zao bila mradi wowote. Wengi wao tayari walikuwa na betri ya gari iliyowasha televisheni, wakiibeba mara kwa mara hadi mjini kuchajiwa. Sola iliwaondolea ile safari.

Nimeikumbuka hadithi hii kwa sababu hesabu ya Karamugi ndiyo hesabu ya boti. Tuipige.

Chukua boti ya fiba ya mita nane yenye mashine ya farasi 40. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinasema chombo kisichofika mita saba na kisichoweza kupita noti saba kinaweza kutembea usiku na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Ukimpa mvuvi boti hii umemtoa kwenye kundi hilo. Sasa anatakiwa nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe juu. Yaani ile mashine tuliyoipigia makofi imeongeza haja ya umeme, na hakuna aliyeutia umeme huo kwenye orodha.

Taa tatu za LED zinakula wati 10 hivi. Kwa saa 12 ni wati-saa 120. Redio ya VHF ikikaa ikisikiliza chaneli 16 usiku kucha itakula kama 60. Kifaa cha kuonyesha samaki na njia, wati 10 kwa saa 10, ni 100. Simu mbili tatu, 40. Pampu ya kutoa maji, ikifanya kazi kidogo kidogo, 20. Jumla ni wati-saa 340. Paneli moja ya wati 100, kwa jua letu la Pwani, siku nzuri inatoa kama 400 ukishatoa kinachopotea njiani. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka ikae usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600. Hiyo ni karibu usiku mbili bila kuona jua. Paneli moja, betri moja, kidhibiti chaji kimoja. Kwa boti nyingi zinazogawiwa hapa Pwani, habari imeishia hapo.

Jenereta je? Ile ndogo kabisa ya kilowati moja inakunywa takriban nusu lita kwa saa hata ikiwa na kazi ndogo, kwa sababu haina adabu ya kupunguza kula. Saa 10 ni lita tano. Mwaka 2025 petroli ilikuwa kati ya shilingi 170 na 190 kwa lita. Weka 180: ni shilingi 900 kwa usiku, na usiku 20 kwa mwezi ni shilingi 18,000. Vifaa nilivyovitaja hapo juu havifiki petroli ya miezi mitatu. Na sijahesabu kelele inayomziba nahodha asisikie chombo kingine kikija, wala petroli inayomiminwa gizani juu ya mashine ya moto huku boti ikiyumba, wala moshi wake. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kwenye boti wazi upepo unaipeleka. Mtu akiwa amelala chini ya turubai wakati wa mvua, jenereta ikiwa karibu, huenda asiamke.

Waya wa kutoka kwenye mashine unastahili neno refu kidogo, kwa sababu mafundi wetu wengi wanaupenda. Mashine kubwa za kuwashwa kwa ufunguo zina chaji ya betri ndani yake na hiyo ni neema, itumieni. Ndogo za kuvuta kamba nyingi zina koili ya taa tu, au hazina kitu. Umeme wa koili bila kirekebishi hupanda na kushuka na mwendo wa mashine: ukikimbia unaunguza taa, ukienda taratibu kuvuta mshipi betri haipati kitu. Lakini hayo ni ya fundi kurekebisha. Kasoro isiyorekebishika ni nyingine. Siku unapohitaji taa na redio kuliko siku zote ni siku mashine imezima na mkondo unakuchukua. Kama umeme wako wote unatoka kwenye mashine hiyo hiyo, umekwisha na yenyewe, ukabakiwa na kile kilichomo betrini ikiwa ulikuwa na betri. Kituo cha uokoaji cha Mombasa kilicho chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya hakiwezi kumsaidia mtu asiyesikika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: umeme wa taa na mawasiliano uwe na chanzo chake, mbali na mashine. Chaji ya mashine iwe nyongeza. Kwa vyombo vikubwa vya dizeli ya ndani, vyenye alteneta ya mkanda inayotoa ampea 50 au zaidi na mashine inayokwenda saa nyingi, hesabu inabadilika na sitawafundisha kazi wenyewe. Hata huko, paneli juu ya paa haigombani na mtu.

Kuna wanaosema upepo. Kusi na kaskazi ni vyetu, kweli, na pangaboi dogo lina mvuto wake. Kwenye boti ya mita nane ni kichwa kimoja zaidi cha kukata kamba na nyavu. Tuliache.

Mzigo unaobadilisha kila kitu ni taa za kuvulia. Wavuvi wa dagaa wa Zanzibar wametoka kwenye karabai wakaenda kwenye jenereta, na sasa LED zinaingia. Taa nne za wati 30 kwa saa nane ni wati-saa 960, ukijumlisha na ule mzigo wa mwanzo ni 1,300. Hapo paneli moja haitoshi. Unataka wati 400 na betri ya lithiamu ya ampea-saa 150 hivi. Fedha ya kuanzia ni kubwa na si kila mtu anayo, ingawa kwa hesabu ya petroli niliyoitoa inarudi ndani ya mwaka. Na boti ndogo haina pa kutandaza paneli nne. Hapa ndipo ninapoona tuache kung'ang'ania kutengeneza umeme ndani ya boti, tuubebe.

Jambo hilo limefanywa. Mbita, Ziwa Victoria, mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram pamoja na shirika la Global Nature Fund walifungua kituo cha sola ufuoni ambako wavuvi wa omena walikodi taa zilizochajiwa badala ya kununua mafuta ya taa. Siku hizi kampuni ya Asobo iko ziwani huko huko na injini za umeme zenyewe, betri zikichajiwa nchi kavu. Na Meru tena: miaka ya 2000 mwanzoni, wanakijiji wa Mbuiru, iliyokuwa Meru Kusini na sasa ni Tharaka-Nithi, waliuchimbia mto Tungu mfereji na kufunga mtambo mdogo wa maji wa kilowati 18 kwa msaada wa shirika la ITDG. Hawakuanza kwa kuvuta nyaya nyumba kwa nyumba. Walianza na kituo cha biashara, na watu wakaleta betri zao kuchaji. Ziwa kama Masinga au Kiambere, ambako mtu anatoka jioni na kurudi alfajiri kwenye ufuo ule ule, linafaa mpango huo kabisa, na KenGen, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa na mpango wa kituo cha sola cha megawati 42.5 pale Seven Forks, haitafilisika ikiweka soketi chache kwenye banda la wavuvi. Vivyo hivyo kwetu kwenye hori na ndani ya miamba: Gazi, Mida, Shela. Ila mvuvi anayetoka siku tatu kwenda Kiunga au nje ya Ras Ngomeni hawezi kubeba umeme wa siku tatu. Huyo ni wa paneli.

Barafu nimeambiwa niitaje. Friji ndogo inataka wati-saa elfu moja kwa siku au zaidi, kila siku, mvua na jua. Barafu itengenezwe nchi kavu, ipelekwe kwenye sanduku zito lenye kifuniko kinachobana. Hakuna haja ya falsafa.

Lakini Meru haikuwa na mafanikio matupu, na hapa ndipo wanunuzi wa serikali wanapotakiwa kusikiliza. Soko lilipokua miaka ya 1990, paneli ndogo za bei nafuu, wati 10 hadi 14, ziliingia kwa wingi, na baadhi ya aina zilikuwa dhaifu. Mkulima hakuwa na kipimo cha kujua ipi ni ipi. Betri zilifungwa bila kidhibiti chaji, zikanyonywa hadi mwisho, zikafa mapema, na sola ikapata jina baya mahali ilikozaliwa. Sisi tuna hatari hiyo pamoja na chumvi. Waya wa nyumbani wa dukani, shaba tupu, ndani ya msimu mmoja unageuka kijani na kukatika ndani kwa ndani. Boti inataka waya uliopakwa bati, maungio yaliyofunikwa na kupakwa grisi, na fyuzi karibu na betri. Betri ya asidi ya kuongeza maji haifai kabisa: ikipinduka inamwaga asidi, na maji ya bahari yakiingia ndani yake hutoa gesi ya klorini. Iwe ya kuzibwa, ndani ya sanduku lililofungwa kwa mikanda.

Hayo yote yanaandikika kwenye zabuni kwa mistari mitano. Mpaka leo zabuni nyingi za boti zinaandika mashine kwa herufi kubwa na kumalizia na "vifaa vya usalama", maneno matatu yanayoweza kumaanisha jaketi kumi na filimbi. Mwishoni mwa Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalipoikata barabara ya Garissa, boti ya abiria ilizama Kona Punda karibu na Madogo na watu wakafa. Sisemi ni taa iliyowaua; boti ilikuwa imejaa na maji yalikuwa makali. Nasema kwamba katika wiki zile boti zilikuwa ndiyo matatu ya watu wa Tana River, na matatu isiyo na taa tungeikamata.

Lipo pia suala la mafundi. Meru walifunza vijana kabla paneli hazijajaa, na pale mafunzo yalipofika ndipo vifaa vilipodumu. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha umeme wa nyumba na mashine za boti katika madarasa mawili yasiyosalimiana. Fundi wa mashine wa Kibuyuni au Mokowe akipata wiki mbili za umeme wa volti 12, boti nyingi za pwani hiyo zimepata daktari.

Na BMU watakuwa na kazi yao. Paneli itaibiwa kama haikufungwa kwa bolti. Betri nayo itabebwa nyumbani, hilo halina shaka, kwa sababu inabebeka na nyumba nyingi giza linaingia mapema. Itawasha taa, itachaji simu za mtaa, Jumamosi itaonyesha mpira wa Uingereza mpaka dakika ya mwisho, na Jumapili jioni itarudishwa botini ikiwa tupu. Ndiyo maana ningependa betri ilale ofisini kwa BMU, kwenye kitabu, ikitolewa kwa sahihi ya nahodha pamoja na kipimo cha volti wakati wa kuchukua: ikiwa chini ya 12.4, boti haitoki usiku huo.